Pua ya Fukusi

Jani la katikati la mkonge, lile linalosimama limejikunja kama mkuki, halitakiwi kutoka ukilivuta. Grasiana alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo asubuhi ile ya Januari, alipolishika jani la mche wa kwanza likamfuata mkononi bila ubishi, jeusi mwishoni na linavuja maji, moyo ukamlipuka paa! Akaenda wa pili. Likatoka. Wa tatu, likatoka! Mstari mzima, likatoka, likatoka, likatoka. Kwenye mche wa tisa akalipasua shina kwa panga, akamkuta mwenyewe ndani: fukusi mweusi tii, mdomo mrefu uliochongoka, ametulia humo kama aliyepanga chumba na kulipa kodi.

Grasiana akatoa tusi ambalo mama wa jumuiya ya kanisa kijijini Kilole hapaswi hata kulijua.

"Hashim," akasema peke yake katikati ya shamba. "Leo utanitambua."

Usimlaumu haraka. Ekari tatu zile hazikuwa shamba tu. Baba yake, mzee Dominiko, alifanya kazi kwenye mkonge wa watu miaka thelathini na moja. Alianza kijana kwenye chumba cha brashi, pale nyuzi za mkonge zinaposuguliwa, vumbi la singa hizo likamuua pua, hasikii harufu ya kitu chochote mpaka leo, kisha akapanda hadi kuwa nyapara wa kupanda. Muda wote huo hakumiliki hata mche mmoja. Chama cha wakulima kilipogawa mashamba ya zamani, Grasiana akapata ekari tatu kwa jina lake, na mzee siku ile alilia mbele za watu bila haya. Lakini chama kina sharti lake: shamba lijae mkonge ulio hai. Lisipojaa hadi mwisho wa masika ya mwaka wa tatu, anapewa mwingine. Mwaka wa kwanza miche ilikufa. Mwaka wa pili ndiyo hii nayo imekufa. Umebaki mmoja, na miche ya misimu yote miwili aliinunua kwa Hashim, mwenye kitalu pale Segera. Sasa hapo kweli pana haja ya kuuliza mchawi ni nani?

Alipanda bodaboda hadi Segera na matope yake miguuni. Hashim alikuwa ameketi nyuma ya miche yake, kando ya wauza machungwa, mtu mrefu mpole mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono. Grasiana hata salamu hakutoa. Alipindua kreti tupu la machungwa, akapanda juu yake, na kwa sauti iliyowafikia abiria wa mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam kwa pamoja, akawatangazia kuwa huyu bwana anauza wadudu, na miche anatoa bure kama nyongeza. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Hashim alisema tu, "Dada, kwangu miche haiumwi," na hilo likamkera Grasiana zaidi kuliko angerudishiwa matusi.

Baada ya hapo wateja wa Hashim wakaanza kumkwepa. Naye akaenda chama kushtaki. Chama nacho, kwa kuwa hakipendi kugombana na mtu, kikaandika barua kituo cha utafiti: tuleteeni mtaalamu atuambie fukusi wanatoka wapi.

Mtaalamu akaja katikati ya Machi, na alikuwa binti. Jina lake Munira, mzaliwa wa Handeni, mwembamba, viatu vya mvua vimemzidi ukubwa, sanduku kubwa begani. Alimpa mzee Dominiko shikamoo kwa magoti, akamsalimu Grasiana, kisha akasimama uani akikunja pua.

"Samahani, mama. Kuna kitu kinanuka hapa?"

"Hakuna kinachonuka," Grasiana akajibu.

"Kitu kama pombe iliyochacha."

"Mwanangu, huo ni mkonge tu. Mkonge siku zote unanuka." Akacheka, na majirani waliokwisha kujaa uani wakacheka naye. Wote walikuwa watoto wa kambi za mkonge. Walizaliwa karibu na korona, ule mtambo wa kukamua majani ya mkonge, wakakua na uvundo wa makapi ya majani, na ukiwaambia kwamba kuna harufu watakuuliza harufu gani.

Harufu yenyewe ilitoka bandani. Humo mzee Dominiko alikuwa amelundika miche ya msimu wa mwisho: maotea elfu kadhaa, machipukizi ya chini ambayo Grasiana aliyang'oa kwenye mkonge mkongwe wa mpakani, pamoja na mabaki ya miche ya Hashim ya mwaka jana, ile iliyoonekana haina mdudu. Mzee alikuwa ameiandaa mwenyewe kama alivyoiandaa ile ya misimu miwili iliyopita, na kama alivyowaandalia mabwana zamani. Unakata mizizi yote, unapunguza majani ya chini, unachonga kisiki mpaka kiwe cheupe, kisha unalundika kivulini, unafunika kwa nyasi na kungoja mvua. "Mkonge haufi," alikuwa akisema. "Ulaze hata mwezi, ukiuamsha unaamka." Lundo lilikuwa na siku kumi na mbili.

Hashim naye alifika, amebeba kikapu cha miche aliyoing'oa kitaluni alfajiri ile, na udongo wake kwenye mizizi. Akaketi peke yake upande wa pili wa ua. Hakuna aliyemsogezea kiti, akakalia ndoo.

Munira akafungua sanduku. Akatoa bomba la kioo lenye umbo la manati: mkono mmoja wa kushikia, na mingine miwili inayoachana. Kila mkono wa mbele akauunganisha na chupa, na nyuma akaweka pampu ndogo ya betri inayovuta hewa polepole. Kisha akatoa kopo. Ndani ya kopo, fukusi ishirini, hawajala tangu jana.

"Fukusi haoni mbali," akaeleza. "Anajua mkonge uko wapi kwa kunusa. Nitaweka mche mmoja kwenye chupa hii, na mwingine kwenye ile. Hewa itamletea harufu zote mbili, achague mwenyewe."

"Atanusa kwa pua gani?" mzee Dominiko akauliza.

Munira akamkabidhi lenzi, akamshikia fukusi kwa koleo. "Tazama hivi vipapasio viwili, babu, hapa mdomoni. Unaona mwishoni vina virungu? Kwenye virungu kuna vinyweleo, na kila kinyweleo kina vitundu vidogo ambavyo lenzi hii haivioni. Chembe ya harufu inaingia humo, na papo hapo mdudu anajua: chakula kile."

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Basi," akasema, "hili dudu lina pua kuliko mimi." Ua mzima ukaangua kicheko.

Grasiana hakuwa na muda wa kucheka. Alikuwa na hamu yake moja. Alikimbia bandani, akachomoa kwenye lundo mche mmoja wa Hashim wa mwaka jana, akaenda mpakani akang'oa otea lake moja zima, akarudi anahema. "Weka hii! Chupa hii mche wa Hashim, hii nyingine wangu. Tuone wadudu wanamjua nani!"

Munira akaitazama miche ile miwili kwa zamu, kama anayetaka kusema neno, kisha akaiweka.

Fukusi wa kwanza akaingia kwenye kioo. Akatembea hatua tatu, akasimama, akainua vipapasio na kuvichezesha huku na huku. Jirani Yusta, ambaye domo lake halina likizo, akapiga kelele, "Jamani, hii si ndiyo njia panda ya Segera! Kushoto Dar, kulia Arusha!" Hapo tena mambo yakaharibika. Watu wakasogea, watoto wakapanda mabegani. "Anakwenda Arusha! Kata kona, mwanangu, kata kona!" Fukusi akakata kona. Arusha, moja kwa moja, mbio, hadi kwenye wavu wa chupa ya Hashim.

"Mmoja!" Yusta akapayuka.

Wa pili, Arusha. Wa tatu, Arusha. Wa nne akazubaa akarudi alikotoka, akazomewa kama mchezaji aliyekosa penalti. Mpaka wanakwisha, kumi na saba walikwenda kwa Hashim, wawili kwa Grasiana, na huyo mmoja mzubaaji. Wengine wakasema labda wanafuata mwanga. Munira akageuza bomba, chupa zikabadilishana pande, akarudia. Kumi na sita wakaifuata chupa ile ile upande wake mpya.

Jamani, furaha! Grasiana alipiga vigelegele, akacheza, khanga ikamdondoka na hakujali. "Nilisema! Nilisema au sikusema? Wanarudi kwao hao! Wanamjua baba yao!" Hashim alikuwa ameinama, anatazama vidole vya miguu yake, na Grasiana alimwona na hakumwonea huruma hata chembe.

"Mama," Munira akasema. Hakusikika. "Mama Grasiana! Bado."

"Bado nini tena?"

"Hii miche haitofautiani kwa mwenye mali tu. Huu wa kaka Hashim umekatwa, una vidonda, na umelala kwenye lundo. Huu wako ni mzima. Hatujui fukusi wamefuata kipi. Aliyeukata ni nani?"

"Mimi," mzee Dominiko akasema kwa fahari, na akainua kisu chake ili wote wakione.

"Basi tupindue. Kaka Hashim, nipe mche mmoja wa leo, wenye mizizi yake. Na wewe babu, niletee otea la mama ulilolichonga mwenyewe, kutoka kwenye lundo."

Kicheko kikapungua. Mzee akaenda bandani akaleta otea, kisiki kimegeuka kahawia pale alipochonga, maji yanang'aa. Munira akaweka. Safari hii Arusha palikuwa na mche mzima wa Hashim. Dar palikuwa na otea la Grasiana, lililokatwa na baba yake.

Fukusi wa kwanza akaingia. Akainua vipapasio.

"Arusha," Grasiana akanong'ona. "Nenda Arusha, mshenzi wewe, nenda."

Fukusi akaenda Dar. Hakusitasita. Wa pili, Dar. Wa tatu, wa nne, wa tano. Sasa ulisikia pampu tu ikinguruma na kucha za wadudu kwenye kioo. Kumi na tisa walikwenda Dar. Munira akageuza pande, akarudia, na fukusi kumi na wanane wakalifuata otea. Kisha akachukua sita kati yao, akawapaka nta kwenye vipapasio, na hao wakatangatanga kama walevi, hawajui pa kwenda.

"Si miche ya fulani," Munira akasema polepole. "Ni kidonda. Mkonge ukikatwa unatoa maji, maji yanachacha, na harufu yake inaenda mbali. Fukusi dume akifika kwanza naye anatoa harufu yake ya kuwaita wenzake. Mnailundika, wanakuja, wanataga ndani. Halafu mnakwenda kuwapanda shambani kwa mikono yenu."

Grasiana alisimama. Alikwenda bandani, akafunua nyasi, akaingiza mkono katikati ya lundo mahali palipokuwa na joto. Akautoa. Kwenye kiganja chake walikuwa watatu, weusi, wanatembea bila haraka. Akajilazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza katika umri wake wote akausikia ule uvundo.

"Lakini tulifanya hivi hivi!" mzee Dominiko alikuwa anasema nyuma yake, sauti imepanda. "Miaka yote! Na ule mkonge haukufa!"

"Mlikuwa watu wangapi, babu, siku ya kupanda?" Munira akauliza.

"Mia mbili. Siku nyingine zaidi."

"Lundo lililala siku ngapi?"

Mzee akakitazama kisu mkononi. "Halikulala," akasema. "Linakatwa asubuhi, jioni limekwisha." Akakikunja kisu chake, akakitia mfukoni, akaondoka uani bila kuaga mtu.

Hashim alikuwa amesimama, kikapu mkononi, anangoja. Kila mtu alijua anangoja nini, na Grasiana alijua kuliko wote. Neno lenyewe ni dogo, samahani, mtoto wa chekechea analiweza. Alimtazama Hashim hadi yule bwana akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu lake, akaenda zake.

Usiku ule mawingu yalijaa upande wa Usambara. Mvua ingekuja wiki ile, labda kesho kutwa. Lundo zima halifai, shamba tupu, na miche safi ya kutosha ekari tatu iko kwa mtu mmoja tu dunia nzima. Grasiana alijigeuza kitandani akijiita majina yote aliyomwita Hashim Januari, na yalimkaa vizuri.

Alfajiri alimkuta baba yake mlangoni, amevaa koti lake la kanisani. "Twende Segera," mzee akasema. "Mikono ni yangu."

"Mdomo ni wangu, baba."

"Basi twende wote."

Hashim aliwaona wakishuka kwenye gari. Akaitikia salamu zao vizuri, akawakaribisha, kisha akanyoosha kidole taratibu kuelekea kwa wauza machungwa. Kreti lilikuwa pale pale.

"Ulisimama juu ya lile, dada," akasema.

Ee Mungu! Grasiana alihisi uso wote umewaka moto. Mabasi mawili yalikuwa yanashusha abiria. Akalipindua kreti, akapanda. "Sikilizeni!" akapaza sauti, na sauti ikapasuka, akaanza upya. "Sikilizeni! Mwezi wa kwanza nilisimama hapa nikasema huyu bwana anauza wadudu. Nilisema uongo! Miche yake ni mizima. Wadudu niliwaita mimi, kwangu, kwa ujinga wangu, na uvundo ulikuwa chini ya pua yangu sikuusikia! Kaka Hashim, nimekukosea. Nimekuharibia jina mbele za watu, na mbele za watu hawa nakuomba unisamehe!"

Mtu mmoja dirishani mwa basi akapiga makofi. Grasiana alikuwa analia waziwazi, na alipokuwa akishuka mguu wake ukalivunja kreti.

"Imekwisha, dada," Hashim akasema, na macho yake hayakuwa makavu. "Miche ipo. Ila mimi nina sharti. Hakuna kukata. Kila siku mnang'oa ile tu mtakayoimaliza kabla ya jua kuzama, na inakwenda na mizizi yake. Mkilaza hata mmoja, nachukua yote."

"Na mikono mia mbili tunaitoa wapi?" mzee Dominiko akauliza kwa sauti ndogo.

Mikono ilipatikana hamsini na zaidi. Yusta alizunguka Kilole yote na domo lake, na siku mvua ilipoanguka watu walikuwa tayari mashimoni, wanacheka, wameloa chepechepe. Gari la Hashim lilipiga safari baada ya safari. Hashim mwenyewe alivua viatu akapanda mistari miwili. Siku ya tano jioni ekari ya tatu ikajaa, na Grasiana akajitupa chali kwenye matope akicheka peke yake kama mwendawazimu.

Lile lundo halikutupwa. Munira aliwaonyesha: likatwe vipande, viwekwe kwenye ndoo zilizotobolewa, zisimamishwe pembeni, mbali na miche. Harufu iliyowaua ndiyo ikawa chambo. Mzee Dominiko akaomba kazi hiyo. Kila asubuhi aliwamwaga fukusi kwenye maji ya sabuni akiwahesabu kwa sauti, na siku alipofikisha fukusi mia na ishirini alifurahi kama aliyefunga bao. Lakini shambani kwenyewe hakuingia. Tangu siku ya manati ya kioo hakugusa mche hata mmoja. Ukimwita atasema ana kazi kwenye ndoo.

Septemba chama kilikuja kukagua, Munira na Hashim wakiwemo. Miche ilikuwa imefika magotini, ya kijani inayoelekea bluu, mistari imenyooka. Mkaguzi akamwambia Grasiana avute jani. Grasiana akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. Akatoka hadi kwenye ndoo, akamshika baba yake kiwiko.

"Vuta wewe."

"Niache, mama."

"Baba. Vuta."

Mzee aliingia shambani kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akainama mbele ya mche wa kwanza, akalishika lile jani la katikati kwa vidole viwili, akalivuta kidogo tu, macho ameyafumba. Akalishika kwa mkono mzima. Akalivuta kwa mikono yote miwili, mguu ameukanyagia chini, mishipa ya shingo imemtoka, mwiba wa ncha ukamchoma kiganja hadi damu ikatiririka, na bado anavuta.

Halafu akaliachia, akageuka, uso wote umelowa machozi, akawapigia kelele watu wote waliokuwa pale:

"Limegoma!"